Ngome na Mzingiraji: Juu ya Vitabu vya Wazazi wa Watoto Wenye Usonji

Fasihi ya Kiswahili inaujua vema wosia wa mzazi. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi wake mwaka 1858, hali yu mgonjwa, ili binti yake apate la kushika baada yake. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Katika tungo hizo mambo mawili huchukuliwa kuwa hakika: mzazi anajua, na mtoto anasikia. Hekima hutoka juu ikashuka chini, kama maji yafuatayo mkondo wake.

Liko kundi jingine la vitabu vya wazazi ambamo mambo hayo mawili hayana hakika. Ni vitabu vya mama na baba ambao watoto wao wamezaliwa na akili iliyoumbwa kwa namna isiyo ya watu wengi. Mtoto huitwa asiitike, naye si kiziwi. Hutamka neno mwaka huu akalipoteza mwaka ujao. Huweza kukaa saa nzima na mnyororo mkononi, akiutazama unavyoning'inia, asihitaji mwenziwe. Mzazi wa mtoto kama huyu hawezi kumwandikia wosia, maana hajui kama utapokewa. Hukaa akaandika habari zake, na katika kuandika hujifunza yeye kwanza. Mkondo wa maji umegeuka.

Vitabu vya namna hii vilianza kupata nguvu nchini Marekani katikati ya karne ya 20, na vingi vyake vinahusu hali ambayo Kiswahili cha leo huiita usonji. Vimesomwa na madaktari, na walimu, na wazazi wengine. Ni nadra kusomwa kama fasihi. Hata hivyo ni kama fasihi vinavyofaa kupimwa, kwa sababu moja kubwa. Mzigo mzito kuliko yote waliobeba wazazi hao ulikuwa maelezo waliyopewa juu ya watoto wao, na maelezo ni kazi ya lugha: yana mifano yake, na wasimulizi wake, na watu wake walionyimwa nafasi ya kusema. Aliye tayari kuuliza juu ya raha na taabu ya wazazi hao hana budi kuuliza kwanza ni hadithi gani waliyosimuliwa, na ni nani aliyeisimulia.

Wa kwanza kutajwa ni Pearl Buck, mwandishi wa Marekani aliyelelewa Uchina, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1938. Binti yake Carol alizaliwa mwaka 1920, akakua mwili bila ya akili yake kukua kwa kiasi hicho. Ugonjwa wake, ambao si usonji, ulikuwa ni mwili kushindwa kuyeyusha sehemu moja ya chakula, jambo ambalo wakati ule halikujulikana. Mwaka 1929 mama alimpeleka katika shule ya malezi huko Vineland, katika jimbo la New Jersey. Miaka miwili baadaye ilitoka riwaya yake The Good Earth, na ndani yake yumo binti wa mkulima asiyepata kusema, ambaye baba yake humpenda kwa huruma iliyochanganyika na majuto. Wasomaji waliisoma riwaya hiyo kwa maelfu wasijue kwamba mwandishi alikuwa akilia kilio chake mwenyewe kwa macho ya mtu mwingine. Hata mwaka 1950, alipoandika kitabu kidogo kiitwacho The Child Who Never Grew, ndipo alipokiri hadharani kwamba anaye mtoto kama huyo.

Ubora wa kitabu hicho umo katika kule kuvunja kimya. Buck aliisema huzuni kwa jina lake, akawaambia wazazi wenzake kwamba waweza kusimama wima na watoto wao bila ya aibu. Lakini kitabu kina mpaka wake. Mtoto ndani yake hana jina, wala hana tabia nyingi za kwake. Yupo kama chanzo cha huzuni ya mama na chanzo cha subira yake. Msomaji hufunga kitabu akimjua sana mzazi na akimjua kidogo mtoto. Upungufu huo wafaa kukumbukwa, kwa maana utarudi kuwa hoja kubwa baadaye.

Wakati Buck akivunja kimya, wataalamu walikuwa wakijenga shitaka. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa maradhi ya akili ya watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alitoa habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, akaieleza hali yao kwa uangalifu ambao haukupata kuwako kabla yake. Alisema kwamba watoto hao walikuja duniani na upungufu wa kushikamana na watu. Lakini katika makala hayo hayo alisema pia kwamba miongoni mwa wazazi wao wenye moyo mkunjufu walikuwa wachache. Neno la kwanza likasahauliwa. La pili likaota mizizi. Mwaka 1949 Kanner mwenyewe aliliongeza uzito, akawafananisha watoto wale na vitu vilivyowekwa katika jokofu lisiloyeyusha barafu yake. Kutoka katika mfano huo likaenea jina la mama jokofu, na jina hilo likawa hukumu juu ya wanawake wasio na idadi.

Aliyeipa hukumu hiyo umbo la fasihi ni Bruno Bettelheim. Alikuwa mzaliwa wa Vienna, aliyefungwa na Wanazi katika kambi za Dachau na Buchenwald mwaka 1938 na 1939, kisha akawa mkuu wa shule ya watoto wenye taabu za nafsi katika Chuo Kikuu cha Chicago, tangu 1944 hata 1973. Mwaka 1967 alitoa kitabu chake The Empty Fortress, yaani Ngome Tupu. Kiini chake ni habari za watoto watatu, Laurie, Marcia na Joey, zilizosimuliwa kwa ustadi mkubwa. Joey, aliyejiona kuwa ni mashine na kuhitaji nyaya na mitambo ya kubuni ili apate kula na kulala, ni miongoni mwa watu wa hadithi ambao msomaji hawasahau upesi. Haifai kumdunisha Bettelheim kama mwandishi. Nguvu ya kalamu yake ndiyo iliyofanya kosa lake liende mbali.

Kosa hilo limo katika mfano. Bettelheim alikuwa ameona kambini watu waliokata tamaa hata wakaacha kutazama, kusema na kula. Alipowaona watoto wa usonji aliwafananisha na wafungwa wale: mtoto amejifungia ndani ya ngome ya nafsi yake kwa sababu ameihisi dunia kuwa imemtakia kifo. Mfano una fahari yake na uchungu wake wa kweli. Lakini mfano ni kama mkataba; atakayetia sahihi sehemu moja huwa ametia sahihi na zilizobaki. Ikiwa mtoto ni mfungwa, basi yuko mlinzi wa gereza, na katika nyumba ya mtoto mlinzi huyo hawezi kuwa mwingine ila mzazi wake. Kabla ya ushahidi wowote kuletwa hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa na sanaa. Na jambo jingine lionekane: katika habari za watoto wale watatu wazazi wanatajwa mara nyingi, lakini sauti yao wenyewe haisikiki. Wanasemwa, hawasemi. Tiba iliyofuatana na maelezo hayo nayo ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake, ikawa kutembelewa ni kwa nadra.

Mtu aweza kuuliza hadithi yaweza kumdhuru vipi mtu aliye hai. Jibu ni kumtazama mama aliyekwenda kwa mtaalamu mwaka 1955 au 1965. Alikwenda akiwa amechoka kwa kukosa usingizi, akirudi na neno moja la nyongeza: kwamba yeye ndiye ugonjwa. Tangu siku ile kila tendo lake la malezi lilikuwa ushahidi dhidi yake. Akimkumbatia mtoto, ameghafilika akakumbuka. Akimwachia nafasi, ndio ule ubaridi wake. Akitulia mbele ya daktari, hana huruma; akilia, ana wasiwasi unaomharibu mwana. Ndoa ilitiliwa shaka, na watoto wengine wa nyumba hiyo, waliokua vema kwa malezi yale yale, hawakuhesabiwa kuwa ushahidi wa utetezi. Uchovu wa kulea mtoto mgumu ni jambo ambalo mtu aweza kulistahimili akisaidiwa. Uchovu uliotiwa hatia humla mtu ndani, kwa kuwa humzuia hata kuomba msaada.

Shitaka lilijibiwa kwa njia mbili, na zote mbili zilianzia kwa wazazi. Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika jeshi la majini la Marekani huko San Diego, alikuwa na mwana mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1956. Alikusanya maandishi yote aliyoweza kuyapata juu ya hali hiyo, na mwaka 1964 akatoa kitabu cha kuonyesha kwamba asili yake imo katika mwili na ubongo. Kanner ndiye aliyekiandikia dibaji. Mwaka uliofuata Rimland na wazazi wenziwe walianzisha chama cha taifa cha watoto wenye usonji. Rimland alijibu kwa hoja. Jibu la pili lilikuja kwa njia ya masimulizi, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanafunzi wa fasihi.

Clara Claiborne Park alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika jimbo la Massachusetts, na mumewe mwalimu wa fizikia katika Chuo cha Williams. Mtoto wao wa nne, msichana, alizaliwa mwaka 1958. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Bettelheim, mama alitoa kitabu chake The Siege, yaani Mazingiwa, akisimulia miaka minane ya kwanza ya mtoto huyo ambaye ndani ya kitabu alimwita Elly. Vitabu viwili vya mwaka mmoja juu ya jambo moja, na vyote viwili vimejengwa juu ya mfano wa ngome! Kwa Bettelheim ngome imesimama kwa sababu ya uadui wa walio nje, na ndani yake ni utupu. Kwa Park ndani ya ngome yumo mtu, naye ana furaha yake. Walio nje ni watu wa nyumbani kwake wampendao, waliokuja kupiga hema mbele ya lango ili aishi pamoja nao.

Uzuri wa The Siege hauko katika machozi, kwani machozi yake ni haba. Uko katika kutazama. Kitabu kinaanza na mtoto mdogo atambaaye kuzunguka doa moja sakafuni, amejaa furaha, wala hamtazami mtu. Kutoka hapo mama huandika alichokiona: ni kitu gani mtoto alikishika na kitu gani alikiacha, ni neno gani lililotoka na baada ya muda gani lilipotea, ni mchezo upi uliomfanya ageuze shingo. Pale asipojua, anasema hajui. Elimu ya kusoma shairi kwa subira, neno kwa neno, ameihamishia kwa mtoto. Wataalamu wa zama zile walidhani mzazi hawezi kuwa shahidi wa kuaminika kwa sababu anapenda. Park alionyesha kwa mifano mingi kwamba yule apendaye huona mambo ambayo mgeni wa saa moja hayaoni.

Sura zinazosimulia ziara za kwa wataalamu zina ukali wa kimya kimya. Katika taasisi moja ya Marekani, ambayo hakuitaja jina, wazazi walihojiwa na kuchunguzwa, wakarudi nyumbani bila ya shauri la kushika. Baadaye, familia ilipokaa Uingereza, walipokewa kwa wema katika kliniki ya Hampstead, London, na tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo kwa maneno, kubwa kwa athari: hapa mama alichukuliwa kuwa mfanyakazi mwenza. Msomaji hufikiri mwenyewe, bila ya kuambiwa, kwamba jokofu lililotafutwa katika jiko la mama lilikuwa limewekwa ofisini kwa daktari.

Hata hivyo kitabu kisisifiwe kupita kiasi chake. Park aliandika akiwa na nyumba, na mume mwenye kazi, na watoto wakubwa waliosaidia, na elimu ya juu. Si kila mama ana silaha hizo, na mzazi maskini akisoma aweza kuongeza lawama mpya juu ya ile ya zamani, akisema: mwenzangu aliweza, mbona mimi sikuweza? Jambo la pili ni zito zaidi. Katika sura kadhaa za The Siege udhaifu wa mtoto, na kutoona kwake, na upweke wake, vimeelezwa kana kwamba ni mambo ya hiari, kana kwamba mtoto amekataa. Ndivyo mfano wa ngome unavyodai, maana ngome haijifungi yenyewe. Lazima awepo aliyepiga komeo. Hivyo Park, aliyekuja kuwaokoa wazazi na shitaka, alilibakiza shitaka dogo juu ya mtoto.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki ana sababu ya kuutazama mfano huo kwa jicho la pili. Ngome ya Mombasa ilizingirwa tangu mwaka 1696 hata mwaka 1698, na habari zake zinafundisha kwamba mazingiwa hayamtesi aliye ndani peke yake. Mzingiraji naye hukaa mbali na nyumba yake. Hulala akiwa na jicho moja wazi. Miaka yake hupita akilitazama lango. Mzazi anayeishi kama mzingiraji huahirisha maisha yake yote mpaka siku ya ushindi, na siku hiyo katika usonji haiji, kwa kuwa hapana ngome ya kutekwa. Yuko mtoto aliyeumbwa hivyo alivyo. Kwa upande wa afya ya mzazi, basi, mfano wa Park ni dawa ya nusu: unamwondolea hatia, lakini unamwacha vitani.

Neno la kuutoa vita huo lilisemwa na mwenye usonji mwenyewe. Mwaka 1993 Jim Sinclair alisema na wazazi katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Toronto, nchini Kanada, na maneno yake yakachapishwa kwa anwani Don't Mourn for Us. Hakuwadharau wazazi kwa huzuni yao. Alikubali kwamba wanaomboleza, akawaeleza kwamba wanayemwomboleza ni mtoto waliyemtazamia ambaye hakupata kuwako. Yule aliyezaliwa yu hai, naye asifanywe kaburi la mwingine. Usonji si ganda lililomficha mtoto wa kawaida ndani yake. Hapo ngome zote mbili za mwaka 1967 zilibomoka kwa pigo moja.

Wako waliohofu kwamba maneno hayo yanawanyima wazazi haki ya kuchoka na kusema kwamba wamechoka. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana mtoto asiyelala hachoshi kwa mfano, huchosha kwa kweli, na uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wazazi wa watoto wenye usonji hubeba wasiwasi na uchovu kupita wazazi wengine. Lakini kusema umechoka ni jambo moja, na kusema mtoto ndiye msiba wako ni jambo jingine. La kwanza huita jirani aje kusaidia. La pili humwita aje kuhani. Mwandishi mwema huweza kulisema la kwanza kwa ukweli wote pasipo kuliingia la pili.

Ushahidi kwamba hilo lawezekana ulitolewa na Park mwenyewe. Mwaka 2001 alitoa kitabu cha pili, Exiting Nirvana, wakati binti yake alipokuwa mtu mzima. Sasa binti anatajwa kwa jina lake, Jessy. Tunamwona akifanya kazi katika chumba cha barua cha Chuo cha Williams, na akichora majengo kwa rangi kali zilizopangwa kwa kanuni aijuaye yeye. Hesabu, mawingu na milango, vilivyokuwa kwake ujanani mpango mzima wa furaha na huzuni, vimeelezwa kwa heshima ambayo mhakiki huitumia kueleza kanuni za mtunzi. Hata jina la kitabu limebadilika sarufi yake. Katika Mazingiwa mtendaji alikuwa familia, na mtoto alitendewa. Katika jina hili jipya mwenye kutoka ni binti, kwa miguu yake. Mama alikuwa amepata maelezo mengine, na msomaji huhisi pumzi yake imeshuka.

Sayansi nayo ilikwisha kukata shauri. Kanner aliwaondolea wazazi hatia hadharani mwaka 1969, mbele ya chama chao. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, wakichunguza jozi 21 za pacha nchini Uingereza, walionyesha nguvu ya urithi wa damu katika usonji. Lakini shitaka lililoingia katika lugha halitoki kwa amri ya maabara. Kiswahili kina methali isemayo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali njema kwa mzazi mvivu. Kwa mama wa mtoto mwenye usonji huko Tanga au Kisumu ni Ngome Tupu kwa maneno manne, na nyuma yake husimama minong'ono ya laana, na miiko iliyovunjwa wakati wa mimba, na jicho la hasidi. Lugha hiyo hiyo inayo methali nyingine, kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ya kwanza humweka mzazi kizimbani. Ya pili humweka katika kiti cha shahidi, lakini yaweza pia kumwachia uchungu wake peke yake, kana kwamba jirani hauhusiki.

Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika habari za mzazi na mtoto wa namna hii ana urithi wa wosia nyuma yake na kosa la Chicago mbele yake. Atapimwa kwa mambo matatu: je, mzazi anasema, au anasemwa tu? Je, mtoto ana jina, tabia na furaha za kwake, au ni chombo cha kubebea huzuni ya mwingine? Na je, mfano aliouchagua, uwe ngome, au mzigo, au mtihani, unamlipisha nani gharama yake? Kitabu kitakachofaulu maswali hayo hakitamlaza mtoto usiku wala kumlipia mwalimu. Kitamwezesha mama kufungua mlango jirani akibisha hodi, na kumtaja mwanawe kwa jina.